Kwenda Nyari ya Marafa kwa Gari: Tazama Saa Kabla ya Njia

Wenzangu wa Mombasa wanaponiuliza njia ya kwenda Marafa, kwenye korongo la mawe ya mchanga ambalo Wagiriama huliita Nyari, mimi huanza kwa kuwaeleza saa, kwa kuwa njia yenyewe haina ugumu. Utavuka daraja la Nyali, upite Mtwapa na Kilifi hadi Malindi, mwendo wa kilomita 120 hivi, kisha uvuke Mto Sabaki na kukata kushoto Marikebuni kuelekea bara.

Wengi hufika adhuhuri, na hapo ndipo safari huharibika. Chini korongoni upepo ni haba, kivuli ni cha kutafuta, na kuta zilizopigwa jua tangu asubuhi hukurudishia joto usoni, hata mtoto aliyekuwa akiimba garini huanza kudai kurudi nyumbani. Afadhali upate chakula cha mchana Malindi bila haraka, uondoke saa nane, na uanze kuteremka mnamo saa kumi, wakati jua la mshazari linapozitenga vyema tabaka nyeupe, za waridi, za rangi ya chungwa na nyekundu.

Mwamba huu ni laini mno. Ukiupapasa, chembe za mchanga hubaki vidoleni, na ukiutazama kwa karibu utaona vijifereji vyembamba ambavyo mvua imevichora kutoka juu hadi chini, kwani ni maji na upepo vilivyolichimba korongo lote. Kwa sababu hiyo usisimame ukingoni kupiga picha, na wakati wa masika ahirisha safari, maana njia ya kuteremkia huteleza. Vaa viatu vya kufunga. Kandambili ziache garini.

Mchukue kijana wa hapo akuongoze. Atakusimulia kisa cha matajiri waliokuwa wakioga maziwa hadi Mungu akawadidimiza pamoja na mali yao. Nimekisikia zaidi ya mara moja, na kila msimuliaji huwaongezea matajiri hao ng'ombe kadhaa.

Usipange kurudi Mombasa usiku huohuo. Barabara ya kutoka Marafa ina giza, mifugo huvuka bila taarifa, na baadhi ya pikipiki hazina taa. Lala Malindi, na mafuta uwe umejaza hukohuko wakati wa kwenda, pamoja na kukagua upepo wa tairi la akiba.