Uliyeuliza saluni ya mkorogo kabla ya kuanza kazi mapokezi: usiende

Mdogo wangu, usiende. Unasema mwezi ujao unaanza kazi mapokezi hotelini hapa Arusha, meneja kakwambia "ung'arishe kidogo hiyo rangi, wageni wanataka mtu anayevutia", na sasa unatafuta saluni inayochanganya mkorogo mzuri, mtindo wa nywele unaofaa na namna ya kuondoa woga mbele ya wageni. Nimeisoma hiyo sentensi ya meneja mwili ukanisisimka. Mimi niliambiwa karibu hivyohivyo, nikatii.

Dada wa saluni alinichanganyia krimu za tyubu, losheni na unga fulani kwenye kopo lisilo na jina, tarehe wala orodha ya viambato. Akaniapia ni "mitishamba tu". Hasira yangu kwake haijaisha, maana yeye mwenyewe hakuwahi kujipaka hata tone. Ngozi yake nyeusi, laini, safi, na kila siku anawauzia wenzake chuki ya rangi hiyohiyo.

Wiki za mwanzo utang'aa kweli, na sifa utapewa. Kinachofanya kazi hapo mara nyingi ni steroidi kali kama clobetasol, dawa ambayo daktari humpa mgonjwa wa ngozi kwa kipimo na kwa muda. Ukiipaka kila siku ngozi inakonda, inapata michirizi, hata kidonda kinachelewa kupona. Haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, nayo ukikaa nayo muda mrefu huku unatembea juani inageuka, inakuachia madoa meusi ya kibluu mashavuni yasiyotoka kirahisi. Zebaki inaumiza figo. Vipodozi vyenye haidrokwinoni na zebaki vimepigwa marufuku nchini, lakini kopo lisilo na jina nani atalikagua? Na mji wetu huu uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Baridi ya Meru inakudanganya, jua la huku ni kali, na huo weusi unaoambiwa uutoe ndio unaokukinga nalo.

Ila uso haukuwa hasara kubwa kuliko zote. Madoa yalipotoka, meneja yuleyule akasema nawashtua wageni. Akanihamishia kwenye kufua mashuka, na mkataba ulipoisha hakuuendeleza. Nilipotaka kulalamika nikaulizwa ushahidi uko wapi. Sikuwa nao! Kila neno kuhusu rangi yangu alilisema kwa mdomo, amesimama mlangoni, anacheka. Nilipoteza ngozi, kazi na haki kwa pamoja, na yeye hakuna karatasi hata moja inayomtaja.

Kwa hiyo shika hili, mengine hata ukiyasahau: mtu akikupa sharti la rangi, mwambie aandike. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini na imeitaja rangi waziwazi. Mgogoro ukitokea kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Bosi anayejua anachodai ni haramu hataandika, na hapo utakuwa umeshajua kwamba sharti halina miguu. Akiandika, umepata ushahidi ambao mimi sikuwa nao.

Kama umeshaanza kupaka, usiache ghafla kwa hasira. Ngozi iliyozoea steroidi inaweza kuwaka, kuvimba na kuwasha vibaya mno. Panda basi uende Moshi, kitengo cha ngozi cha hospitali ya KCMC, pale wanasomesha mabingwa wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Mimi nilipunguziwa polepole, na hakuna aliyenisimanga.

Katika kipindi hicho nilikuwa nasimama mbele ya kioo asubuhi nasema kwa sauti: "Ngozi hii ni ya mama yangu na ya bibi yangu, haijamkosea mtu." Mwanzoni sauti ilikuwa haitoki. Niliendelea kusema, nikaendelea kuomba kazi na madoa yangu, nikakataliwa, nikaomba tena. Leo niko mapokezi Moshi. Wageni wanauliza maji ya moto, gari la kwenda geti la Marangu, kifungua kinywa saa ngapi. Rangi yangu hajaiulizia hata mmoja.

Usiku huu mtumie meneja wako ujumbe wa wasapu, kwa adabu kabisa: "Shikamoo bosi. Uliniambia ning'arishe rangi kabla ya kuanza kazi. Naomba unithibitishie kwa maandishi kama hilo ni sharti la ajira, ili nijue." Akijibu usifute. Akikupigia simu badala ya kuandika, msikilize, kisha mtumie tena ujumbe wa kile alichosema na tarehe yake. Halafu rudi hapa utuambie amejibu nini.