Leseni ya maabara Marekani si kila jimbo

Dada, umeuliza kama kila jimbo la Marekani linadai leseni ili ufanye kazi ya maabara ya hospitali. Hapana, si majimbo yote. Texas na Ohio hawana leseni ya jimbo kwa wanamaabara. Wanafuata sheria ya shirikisho, CLIA ya 1988, inayosimamia ubora wa maabara za tiba nchi nzima, ingawa waajiri wengi watakudai cheti cha ASCP, chama cha kitaaluma kinachotahini wanamaabara. California, New York na Florida ni baadhi ya majimbo ambako leseni inatakiwa. California ni ngumu zaidi: wanahesabu masomo yako moja moja, kemia, biolojia mpaka fizikia, na leseni ya jimbo jingine hawaipokei badala ya yao. Nimepitia mlolongo huo mwenyewe. Shahada yako ya Muhimbili ipeleke kwanza ikatathminiwe ilinganishwe na ya Marekani, na silabasi za chuo zitunze sana, hata ukianzia Texas, maana ukija kuhamia California utazihitaji.