Nivumilie au nirudi kwenye mpira?

Wiki hii barua zimejaa gemu za mapanga na majoka, sijui kuna nini, labda ni mvua watu wamefungiwa ndani. Naanza na hii ya Jinja kwa sababu ndo ndefu na ndo inauliza kile ambacho wengine wote wanazunguka zunguka tu.

SWALI: Kaka habari za Kampala. Mi niko Jinja, nauza duka la hadiwea, tangu shule nimekuwa mtu wa gemu ya mpira basi, wikiendi tunakaa kibandani tunafungana mabao mpaka usiku. Sasa mtoto wa mjomba alivyosafiri akaniachia PS4 yake na diski ya The Witcher 3, akasema hii ndo gemu ya watu wazima. Nimecheza jioni 4, jumla kama saa 6 hivi. Bado niko kule kijijini mwanzo mwanzo, nikifungua menyu naona mitishamba na mafuta ya upanga na sijui nini, watu wanaongea Kiingereza kirefu cha zamani, na lile dude la mabawa limeshaniua mara 9. Wenzangu wanasema vumilia, ukifika saa 20 itaanza kunoga. Ni kweli au nimrudishie mwenyewe? – Mchovu wa Jinja

JIBU: Kaka Mchovu, pole sana. Huyo aliyekwambia saa 20 mwambie mimi nimekataa. Wewe unafunga duka ndo unacheza, saa moja na nusu kwa jioni, kwa hiyo saa 20 ni jioni 13 na zaidi, na hakuna mtu anakula posho ya kuungua jioni 13 eti ya 14 italetwa na nyama. Gemu ikikuchosha saa 20 zote hizo basi imekuchosha, hata kama watu milioni ngapi wanaisifia.

Lakini usiirudishe bado, ngoja nikuulize kitu. Ukizima TV ukaenda kulala, au asubuhi uko juu ya boda unaenda dukani, lile dude linakujia kichwani? Unawaza ningelikwepa upande huu, ningetumia ule moto, au unawaza tu misumari na bei ya simenti? Maana kuna mtu amechoka kwa sababu haelewi na kuna mtu amechoka kwa sababu hataki, kwenye kiti wanakaa sawa, wote wamekunja uso, lakini yule wa kwanza amebakiza kidogo tu na yule wa pili hata ukimpa mwaka mzima ni kumtesa. Umeniandikia kwamba umekufa mara 9. Mtu asiyetaka hahesabu bana. Kwa hiyo mimi nakuweka kwa wale wasioelewa, na hilo lina dawa.

Ujue hizi gemu zimetengenezwa na watu waliozitafuna kwa miaka mingi. Mambo ya levo, ya namba za uhai zinazopungua ukipigwa, ya kuchagua uwe mpiga upanga au mchawi, mengi yametoka kwenye mchezo wa mezani wa Marekani unaoitwa Dungeons & Dragons, wa mwaka 1974, watu wamezunguka meza na karatasi na dadu. Ikaja kompyuta, vikahamia vilevile, na kila mtengenezaji anadhani vinajulikana tayari kama vile jua linavyotoka. Wewe umetoka kwenye mpira, hakuna aliyekufundisha kuotea kwa menyu, ulikulia uwanjani ukafokewa. Mimi omweso niliujua hivohivo, babu yangu Bombo alikuwa na ubao wake, mashimo 32 na kete 64, nikasimama nyuma yake likizo nzima na hakuna mzee hata mmoja aliyenieleza sheria, nasikia tu kete zinagonga na watu wanacheka, mpaka siku moja nikajikuta najua babu amekosea kabla hajanyanyua mkono. Sasa kwenye gemu hizi uko peke yako na pedi mkononi, hakuna babu.

Nikuambie yangu. Gemu ya Skyrim ilitoka tarehe 11 mwezi wa 11 mwaka 2011 na mimi niliipata imeshazeeka, kwenye laptopu ya kuazima. Mwanzo ule unafungwa kamba kwenye mkokoteni, joka linatua, mji unaungua, nikasema hii sasa. Nikatembea kuelekea mji wa Whiterun, nikaona jitu limesimama na wanyama wake wa manyoya, halina ugomvi na mtu, nikasema si nina upanga? Likanipiga rungu moja nikaruka juu mawinguni, kweli kabisa, nikaona milima yote kwa chini, nikadhani laptopu imeharibika. Kumbe ndivyo yalivyo majitu ya Skyrim, maarufu kwa hilo. Mimi nilichukia nikaifuta, mwaka mzima sikuigusa.

Aliyenirudisha ni mdogo wangu wa kike ambaye hakuwa na habari na joka wala nini. Yeye alikuwa anachuma maua na kukamata vipepeo, anavichanganya kwenye meza ya dawa, anauza mjini, ananunua nyumba. Akiona jitu anapita mbali. Mpaka leo hadithi yenyewe hajaimaliza na hana mpango, na mimi niliyekuwa nakimbizana na ile mishale ya misheni kama nimeajiriwa ndo niliyeshindwa. Nikakaa nyuma yake nikamtazama, yaani kama kwa babu.

Sasa tuje kwako. Ingia kwenye mipangilio ushushe ugumu mpaka chini kabisa, kile kiwango cha kufuata hadithi tu, na usimwambie mtu kama unaona aibu, ingawa mimi sioni aibu iko wapi, hakuna refa. Kwa viwango viwili vya chini ukimkalisha shujaa wako atafakari uhai unarudi wenyewe, nusu ya ile mitishamba hutaihitaji. Katika zile ishara tano za uchawi shika moja tu kwa sasa, inaitwa Quen, inakuvalisha ngao, ipige kabla dude halijakufikia na ikipasuka ipige tena. Likiruka juu lipige kwa ule upinde mdogo, lishuke, likishuka kuna moto na upanga. Na pale hauko peke yako, yule mzee Vesemir yuko anapigana upande wako. Mafuta na mabomu yaache yakae.

Alafu toka hapo kijijini! White Orchard ni kama varanda, nyumba yenyewe iko ndani. Na zile alama za kuuliza kwenye ramani usizifagie, najua mtu wa duka anapenda kuhesabu stoo mpaka iishe, lakini hapa itakuua kwa uchoshi, huko mbele kwenye bahari ya Skellige wamemwaga alama kibao ambazo nyingi ni mizigo ya magendo inayoelea majini, unapiga mtumbwi nusu saa kuokota vitu vya kuuza. Kuna gemu nyingine, Dragon Age: Inquisition ya 2014, eneo lake la kwanza kubwa linaitwa Hinterlands, watu walikwama humo masaa na masaa wanaokota vitu na kusaidia wakulima mpaka ushauri mkubwa uliozunguka ukawa huohuo mmoja, ondoka Hinterlands. Watu wazima hao, wazoefu, na bado ilibidi waambiwe watoke.

Ukitoka White Orchard utafika Velen, kuna mtu anaitwa Baroni, mlevi, mke na binti yake wametoweka. Hapo ndo nakuwekea mpaka. Fuata habari ya Baroni mpaka iishe. Mimi ile hadithi ilinikalisha macho usiku, sio kwa sababu ya mapanga, kwa sababu baba wa namna ile nishamuona mtaani kwetu. Ikikupita kama matangazo ya redio, mrudishie mtoto wa mjomba mashine yake kwa amani, hujashindwa kitu. Na kama unapenda kucheza karata za matatu basi jua humo ndani kuna mchezo wa karata, Gwent, wanakufundisha palepale kwenye baa ya kijiji cha kwanza, nawajua watu waliomsahau shujaa wakabaki kwenye karata.

Cha mwisho kaka, umeme. PS4 haina betri kama laptopu. Sevu kwa mkono kabla ya kila pambano, na usisevu juu ya faili moja siku zote, weka hata tatu, maana umeme ukikatika katikati ya kusevu faili inaweza kuharibika na hapo hakuna uvumilivu utakaokusaidia. Yalishanikuta. Saa 11 za kucheza zilienda.

SWALI: Mimi mwanafunzi wa chuo, Arua. Nilichanga hela nikanunua Elden Ring kwa sababu kila mtu anaisema, natoka tu pangoni nakuta jamaa wa dhahabu juu ya farasi ananimaliza kwa pigo mbili. Nimejaribu siku tatu. Nitafute wapi pa kushusha ugumu? – Nimechoka Kufa

JIBU: Hakuna. Wajapani wa FromSoftware walivyoitoa Februari 2022 hawakuweka mahali pa kushusha, tafuta mpaka kesho. Lakini wewe dada au kaka, hukuandika, nani kakwambia upigane na yule wa farasi? Zunguka! Wamemweka pale makusudi ujifunze kwamba unaweza kuondoka, na wewe umesimama siku tatu unagongana naye kama mbuzi. Pita vichakani, fuata barabara mpaka yale magofu ya getini, pumzika kwenye ile nuru ya dhahabu, msichana atakutokea na kukupa farasi wako mwenyewe. Ukishampata rudi kwenye kanisa bovu la mwanzo, kuna mwanamke wa kofia kubwa atakupa kengele ya kuitia mizimu ikusaidie kupigana, na hiyo kengele watu wengi wanaikosa alafu wanalia. Ngome usiende bado, shuka kusini ile rasi ya mvua, levo zitapanda, utarudi una mwili.

Ukifa zile runi zako, ndo hela ya humo ya kununulia levo, zinabaki ulipoangukia, ukifa tena kabla hujaziokota zimeenda, kwa hiyo ukiwa na nyingi zitumie kwanza ndo ukajaribu ujinga. Ila nikwambie ukweli, hii mimi simpi mtu kama gemu yake ya kwanza ya aina hii. Ni nzuri mno, lakini inataka mtu ambaye kufa mara 30 anaona ni kujifunza, na watu wa hivo mtaani si wengi. Jipe mpaka farasi na kengele. Ukishavipata na bado unatupa pedi, uza.

SWALI: Niko Lira, nina simu na laptopu kuukuu ya ofisi. Nianzie wapi bila kuuza kiwanja? – Asiye na Mashine

JIBU: Laptopu yako pengine inatosha kwa Skyrim ile ya zamani, ya 2011, yenyewe iliomba ramu ya gigabaiti 2 na nafasi ya gigabaiti 6 tu na kadi ya picha ya megabaiti 512, hiyo kadi ndo uiangalie kwanza kabla hujalipa kitu. Usichanganye na toleo la 2016 linalotaka ramu 8. Kwa simu kuna Genshin Impact ya Wachina, tangu 2020, kuingia ni bure, dunia kubwa na nzuri, kupanda unapanda popote. Lakini inakula nafasi na bando ile mbaya, pakua ukiwa kwenye waifai ya mtu, na wahusika wapya unawapata kwa kama bahati nasibu, hapo ndo wanaposubiri mobile money yako. Hiyo sehemu ukiivumilia sana utauza kiwanja kweli.

SWALI: Mwanangu wa miaka 12 ananisumbua nimnunulie Skyrim, anasema itamsaidia Kiingereza. Nimwamini? – Mama wa Bombo

JIBU: Mama, Kiingereza kipo kweli, katika gemu zote nilizozitaja leo hakuna hata moja yenye maandishi ya Kiswahili, kwa hiyo atasoma atake asitake, vitabu vizima viko humo ndani kwenye rafu za watu. Lakini boksi la Skyrim kwa alama za Ulaya limeandikwa 18, la The Witcher 3 pia 18, Elden Ring 16. Kuna vichwa vinakatwa. Kama ni dunia kubwa ya kutembea na upanga anayoitaka, Zelda: Breath of the Wild ya 2017 imeandikwa 12, shida yake inataka mashine ya Nintendo na hizo hapa kwetu si rahisi kuzikuta. Kama pesa haipo mwambie asubiri, na akikwambia rafiki zake wote wanacheza muulize majina, mimi mama yangu alikuwa akiomba majina nabaki natazama ukuta.