Picha za Zamani za Reli za Uingereza: Mnauliza, Najibu

Safari hii barua nyingi zimekuja na picha, na nafurahi kwamba wengi wenu mmeitikia ombi langu la kunitumia pande zote mbili, mbele na nyuma. Mimi huanzia nyuma. Muhuri wa mpigapicha, maandishi ya penseli, hata bei iliyoandikwa kwa shilingi na peni, vyote ni ushahidi. Bei ya namna hiyo peke yake inakuambia picha iliuzwa kabla ya Februari 1971, Uingereza ilipobadilisha hesabu za fedha zake. Nimechagua barua chache ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

*Mzee, nilinunua picha hii kwenye mnada hapa Leeds. Ni injini ya mvuke Flying Scotsman ikiwa stesheni ya King's Cross, London, tayari kuondoka. Muuzaji ameandika kwenye fremu "1934, mwaka wa rekodi", na mwaka huo ndio ulionifanya nitoe pesa. Ni kweli? — S.M., Leeds*

Bwana S.M., picha ni halali na nzuri sana, ila mwaka si huo. Muuzaji kashika nusu ya habari. Ni kweli kwamba tarehe 30 Novemba 1934 Flying Scotsman ilifikia maili 100 kwa saa, ikawa injini ya mvuke ya kwanza kuthibitishwa rasmi kwa mwendo huo. Lakini siku ile ilikuwa na namba 4472. Kwenye picha yako, kibao kilicho juu ya mlango wa mbele wa injini kinasomeka 60103, na namba hiyo haikuwapo kabla ya 1948. Tarehe 1 Januari mwaka huo kampuni nne kubwa za reli zilitaifishwa zikawa British Railways. Ili namba zisigongane, injini za LNER ziliongezewa 60000, za LMS 40000, na za Southern 30000. Za Great Western ziliachiwa namba zake, maana zilikuwa kwenye vibao vizito vya shaba pembeni mwa chumba cha dereva. Flying Scotsman ilikuwa 103 tangu 1946, basi ikawa 60103.

Sasa chukua kioo cha kukuzia, kiweke juu ya dohani. Utaona haina umbo la duara. Imerefuka kuelekea nyuma. Hiyo ni dohani pacha, na injini hii ilifungwa yake Januari 1959. Iliifanya ipumue vizuri zaidi, lakini moshi ulitoka bila nguvu, ukawa unashuka na kumziba dereva macho. Ndiyo maana Desemba 1961 yakaongezwa yale mabati mawili yanayosimama kulia na kushoto mwa dohani, ya mtindo wa Kijerumani, ambayo huuelekeza upepo juu ili unyanyue moshi. Kwenye picha yako mabati yapo. Injini ikaondolewa kazini Januari 1963.

Kwa hiyo tuna kipindi cha kama mwaka mmoja tu. Na hapa ndipo naomba umwangalie yule kijana aliye mwisho wa jukwaa, upande wa kushoto, ambaye nadhani hata muuzaji hakumwona. Ameshika daftari la kuandikia namba za injini, na amevaa shati la mikono mifupi. Kati ya Desemba 1961 na Januari 1963 majira ya joto yalikuja mara moja tu. Picha yako ni ya 1962.

Kuna jambo moja zaidi la kuhakikisha, kwa sababu injini hii iliokolewa, na tangu ukarabati wake uliokamilika 2016 imekuwa ikitembea tena na namba ileile 60103 na mabati yaleyale. Mtu anaweza kukuuzia picha mpya iliyogeuzwa kuwa nyeusi na nyeupe. Yako haina shaka: juu ya reli hakuna waya hata mmoja wa umeme, na King's Cross ilipata nyaya hizo miaka ya 1970. Taa mbili zilizo juu ya bafa (vile vizuia mgongano vya mbele ya injini), moja kila upande, ndiyo alama ya treni ya abiria ya mwendo kasi. Futa hiyo 1934 kwenye fremu. Ulichonacho ni majira ya mwisho ya joto ya injini hiyo ikiwa bado kwenye kazi yake ya kila siku, na kwangu mimi hilo lina uzito kuliko rekodi yoyote.

*Shikamoo Mzee. Vitabu vyote vinasema injini za kampuni ya reli ya Midland zilipakwa rangi nyekundu iliyoiva. Picha ya babu wa mume wangu, iliyopigwa Derby kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, inaonyesha injini nyeusi tii. Anga nayo ni nyeupe, haina hata wingu. Mwanangu anataka kuitia rangi kwa programu ya akili mnemba. Tumruhusu? — Bi. R., Nottingham*

Marahaba, Bi. R. Vitabu viko sahihi, na picha nayo haina kosa. Bamba za kioo za kupigia picha za wakati ule hazikuwa na hisia kwa mwanga mwekundu. Chochote chekundu kiliingia kwenye picha kama giza, na chochote cha buluu kikatoka cheupe. Ndiyo sababu injini yenu ni nyeusi na anga imefutika, mawingu yakazama humohumo. Filamu zilizoweza kuona rangi zote zilienea baadaye.

Mkikutana na picha ya injini ya kijivu, safi, isiyo na mandhari nyuma yake, jueni hiyo ni picha rasmi ya karakana. Derby, Crewe, Swindon na kwingineko, injini ya kwanza ya aina mpya mara nyingi ilipakwa kijivu kwa ajili ya mpigapicha tu, ili kila ribiti na kila mstari uonekane, kisha ikapakwa rangi yake halisi. Nimeona watu wakibishana kwamba kampuni fulani ilitumia injini za kijivu, kumbe wote wanatazama picha ya aina hiyo.

Kuhusu mwanao: mruhusu acheze na nakala, lakini ile ya asili isiguswe, na nakala iandikwe wazi kwamba rangi ni za kubuni. Programu hiyo haijui lolote kuhusu Midland. Ikiona weusi itaacha weusi, na baada ya miaka 20 mjukuu wenu ataapa kwamba injini za Derby zilikuwa nyeusi. Ubaya ni uleule kwenye mabehewa. Behewa la rangi mbili kwenye picha nyeusi na nyeupe linaweza kuwa la chokoleti na maziwa la Great Western, au la nyekundu na maziwa ambalo British Railways walianza kulitumia 1949. Mtu anatofautisha kwa kuangalia umbo la behewa na namba zake. Programu inakisia.

*Kwenye picha yangu ya Surrey kuna reli tatu. Rafiki yangu anasema ni reli pana ya zamani ya Brunel, mhandisi wa Great Western. — J.K., Croydon*

Hapana. Reli pana ya Great Western ilikuwa na upana wa futi 7 na robo inchi, na pale ilipochanganywa na ya kawaida, reli ya tatu ilikuwa sawa kabisa na zile nyingine na imelazwa usawa mmoja nazo, kwa kuwa magurudumu yalipita juu yake. Yote ilikwisha Mei 1892. Yako iko nje ya njia na imeinuliwa kidogo juu ya vikombe vya kauri: ni reli ya umeme ya Southern. Hakuna gurudumu linaloikanyaga.

*Kituo hiki hakina jina popote. Je, ni picha ya wakati wa vita, majina yalipoondolewa? — A.H., Leicester*

Ni kweli kwamba 1940 majina ya vituo yaliondolewa kwa hofu ya uvamizi wa Wajerumani, lakini usiikimbilie vita kila unapokosa kibao. Miaka ile filamu ilikuwa adimu, na mtu aliyeonekana na kamera karibu na reli aliweza kujikuta akijieleza polisi. Picha za kibinafsi za kipindi hicho ni chache. Tena, kingo za majukwaa na nguzo zilipakwa chokaa nyeupe ili watu wasianguke gizani, na kwako sizioni alama hizo. Nadhani mpigapicha alisimama tu mahali ambapo kibao hakikuingia.

Tuulize vitu vingine. Namba ya injini inaanza na 41, tarakimu tano, kwa hiyo ni ya LMS baada ya 1948. Mlango wa behewa una tarakimu 3, yaani daraja la tatu, na daraja hilo lilibadilishwa jina kuwa la pili tarehe 3 Juni 1956. Tuseme 1948 hadi 1956, au muda mfupi baadaye kama behewa lilichelewa kupakwa rangi. Halafu mkono wa ishara: njia ikiwa wazi umeinuka kwenda juu. Great Western waling'ang'ania mkono unaoshuka hadi mwisho, basi ondoa njia zao zote kwenye orodha yako.

Kilichobaki ni ramani. Maktaba ya Taifa ya Scotland imeweka mtandaoni, bure, ramani za zamani za Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, pamoja na zile kubwa za inchi 25 kwa maili. Humo nguzo ya ishara imeandikwa S.P. na kibanda cha ishara S.B. Una daraja la matao matatu, kibanda upande wa kulia, na njia ya pembeni inayoishia kwenye ghala. Pita kituo kimoja kimoja kwenye matawi ya LMS yaliyofungwa. Ni kazi ya jioni nyingi, na nakuhakikishia utaifurahia.

*Marehemu mjomba ameacha sanduku la negativu na madaftari. Linanuka siki. Shangazi anataka kulitupa. — M., Birmingham*

Ndugu M., tafadhali mzuie shangazi leo hii. Harufu ya siki ni filamu ya asetati inayooza, na huoza haraka zaidi inapofungiwa pamoja na nyingine kwenye joto. Zitenge zinazonuka na zile nzima, zitoe kwenye plastiki, uzitie kwenye bahasha za karatasi isiyo na asidi, kisha uziweke mahali pa baridi na pakavu. Si darini, si ghala la chini. Kamata kingo tu. Anza kuskani zile zilizoanza kujikunja.

Kama kuna filamu ya kabla ya miaka ya 1950 isiyo na neno "safety" pembeni, na imegeuka njano au inanata, huenda ni ya nitrati. Hiyo hushika moto upesi sana. Usiiskani, usiiache karibu na joto, wasiliana na wataalamu wa hifadhi ya nyaraka wakuelekeze.

Na sasa nikuombe kwa nguvu zangu zote: usitenganishe negativu na madaftari. Umenitumia ukurasa mmoja, na humo mjomba ameandika namba ya filamu, namba ya injini, mahali, saa, na treni ilikuwa inatoka wapi kwenda wapi. Ukurasa huo una thamani kuliko picha kumi zisizo na maelezo. Usizipange upya kwa uzuri au kwa aina ya injini. Mpangilio wake ni taarifa. Picha ya 14 isiyo na maandishi, ikiwa kati ya ya 13 na ya 15 zilizopigwa Saltley hapo Birmingham, tayari tunajua ilikopigwa. Ukifika wakati wa kuukabidhi mkusanyo kwa taasisi, kama vile Makumbusho ya Taifa ya Reli huko York, ukabidhi ukiwa kitu kimoja.

*Mbona picha nyingi za reli hazina watu? — F., Glasgow*

Kwa muda mrefu kanuni ilikuwa moja: jua nyuma ya bega lako, treni ikija kwa mshazari, injini ikionekana mbele na ubavu, na mtu yeyote akae pembeni. Picha zikafanana. Mtafute Eric Treacy, kasisi wa Edge Hill kule Liverpool ambaye baadaye alikuwa askofu wa Wakefield. Alijuana na madereva na wachochea moto, na kwenye kazi zake unawaona wakitazama kamera kama watu wanaotazama rafiki. Alifariki 1978 kwenye stesheni ya Appleby, akiwa amekwenda kupiga picha treni ya mvuke. Mtafute pia Colin Gifford, ambaye miaka ya 1960 aliipa nafasi miji yenyewe, abiria, ukungu na paa za nyumba, na treni mara nyingine ni kijisehemu tu. Kwangu huyo ndiye aliyetuonyesha jinsi watu walivyoishi na reli.

*Nina picha nilizonunua kwenye maonyesho. Naweza kutengeneza kalenda ya kanisa letu? — D.W., Reading*

Kununua chapa, au hata negativu, hakukupi hakimiliki. Kwa kawaida hubaki kwa mpigapicha, kisha kwa warithi wake, hadi miaka 70 baada ya mwaka aliofariki. Geuza kila picha: mbili kati ya ulizonitumia zina muhuri wenye jina. Anza na hizo, tafuta familia, andika barua ya heshima ueleze kalenda ni ya nini na itachapwa nakala ngapi. Wengi hukubali kwa moyo mweupe, wakiomba jina la mzazi wao liandikwe tu. Zile zisizo na jina ziweke kando kwa mwaka huu, na unitumie pande zote mbili nizitazame.