Kutandika mbao za sakafu penye ukuta uliopinda

Umeeleza kwamba ukuta mmoja wa chumba chako umepinda, na kwamba mbao za sakafu ulizozipanga kwa kuufuata zimeanza kuachia kwenye maungio. Nakusihi uzing'oe mapema, kwa kuwa ukuta wa namna hiyo haufai kuwa rula. Vuta uzi ulionyooka sakafuni, upange kwa kuufuata, na uhesabu safu zote kabla ya kukata, ili ya mwisho isibaki na upana wa chini ya sentimita 5.

Safu inayopakana na ukuta ndiyo yenye kazi: ilaze sambamba na uzi, kisha uburute kijiti kilichoegemea ukutani huku penseli ikiwa imebana ubavuni mwake, nayo itachora juu ya ubao kila bonde na kila uvimbe wa lipu. Kata kwa kufuata mchoro huo, na unapotandika uache milimita 8 hadi 10 kutoka ukutani, kwa maana mbao hutanuka zinapopata unyevu.

Skatingi, yaani ule ubao mwembamba unaoziba mwanya chini ya ukuta, ifungwe ukutani, kamwe isipigiliwe sakafuni. Mwanya wa milimita 2 au 3 unaobaki juu yake, kati yake na ukuta, huzibwa kwa akriliki (dawa laini ya kuzibia nyufa) inayokubali rangi. Ukizidi hapo, chagua skatingi nyembamba inayopindika, kwani ile nene ukiilazimisha kwa misumari itang'oka pamoja na lipu.