Toledo kwa siku moja, Januari: wahi, na angalia viatu

Jamani kama uko Madrid kipindi cha baridi na umebakiwa na siku moja tu ya kutembea, nenda Toledo. Mi nilifikia kwa mama mdogo, akaniambia we mtoto wahi kutoka, nikachukulia poa nikaondoka saa nne, sasa kule Januari jua linachomoza saa mbili na nusu na saa kumi na mbili na nusu jioni lishazama, kwahiyo ukilegea kidogo tu siku imeisha.

Treni ya mwendokasi unapandia Atocha, ni kilomita kama 70 hivi, nusu saa umefika. Tiketi kata mapema. Alafu usiende Jumatatu, makumbusho kibao yanafungwa.

Viatu sasa. Mji uko juu ya kilima, mto Tajo umeuzunguka pande tatu, na vichochoro vyote ni mawe, asubuhi yana umande na yanateleza vibaya mno. Mi nilivaa viatu vya soli laini, kwenye mteremko mmoja nikaenda chini mzima mzima, goti likachubuka na siku nzima nikatembea nachechemea. Vaa raba zenye meno. Na sweta usivue ukiingia ndani, kanisa kuu (lilianza kujengwa 1226, likaja kuisha 1493) ndani lina baridi ya mawe kuliko hata nje juani.

Ila kilichonishika moyo sio kanisa kuu, ni kamsikiti kadogo kanaitwa Cristo de la Luz. Kalijengwa mwaka 999, mfalme Mkristo Alfonso wa Sita alivyouchukua mji kwa Waislamu 1085 baadaye kakageuzwa kanisa. Wengi wanapita hawaangalii juu. We simama mbele, inua macho, utaona maandishi ya Kiarabu yamepangwa kwa matofali yenyewe, hayajachorwa wala kupakwa rangi, tofali moja moja mpaka ikawa herufi. Mi nimesoma madrasa tangu mdogo, nikasimama pale nafuatisha kwa kidole hewani, ni Kikufi, ule mwandiko wa Kiarabu wa zamani wenye pembe pembe, kwahiyo sikuambulia mengi, lakini machozi yalinilenga kweli. Ndani kuna nguzo nne tu na vikuba tisa, na kila kikuba kimejengwa kwa mtindo wake, hakuna kinachofanana na mwenzake. Kapewe hata nusu saa. Hata ule uwanja mkuu wa mjini, Zocodover, jina limetoka kwenye Kiarabu, soko la wanyama, na neno lenyewe la soko ni hili hili letu la Kiswahili.

Msosi: kama huli nguruwe jifunze kusema "sin cerdo" na uulize hata kwenye supu, maana supu ya kitunguu saumu mara nyingi wanaitia nyama yake. Mazapán kula bila wasiwasi wa nguruwe, ni lozi na sukari, na Toledo ndo kwenyewe.

Saa kumi na nusu acha kila kitu uvuke mto uende Mirador del Valle, pale unauona mji wote umekaa mbele yako na jua linashuka. Kama umeenda na teksi mwombe dereva akusubiri, mi wangu aliondoka na kupata mwingine kwenye ile baridi ilikuwa kazi kwelikweli.