Maswali ya wasomaji: Nani aliamua kesi za wafanyabiashara wa Akka?

SWALI: Nimesoma kwamba wakati wa Vita vya Msalaba Waislamu waliendelea kufanya biashara katika bandari ya Akka, kwenye pwani ya Palestina, ingawa ilikuwa mikononi mwa Wafaranki, yaani Wakristo waliotoka Ulaya. Je, Mwislamu aliyeshtakiwa huko kwa deni aliweza kupata haki? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Aliweza, na pengine kuliko unavyodhani. Kesi za namna hiyo zilisikilizwa katika Mahakama ya Soko, ambako mwakilishi wa mtawala aliketi na wazee wa baraza sita, wanne Wakristo wa Shamu na wawili Wafaranki. Mwislamu hakuwemo, lakini sheria zilizoandikwa katika karne ya 13 ziliruhusu kila mtu aape kwa kitabu chake, Myahudi kwa Torati na Mwislamu kwa Kurani, na zilimtaka mdai alete mashahidi wa jamii ya mdaiwa. Mfaranki aliyemkopesha Mwislamu sukari, akaja barazani na Wafaranki wenzake peke yao, alikuwa amejiponza mwenyewe, kwa kuwa mdaiwa akiapa kwamba hadaiwi, kesi imekwisha. Mwenye akili aliwaita mashahidi Waislamu mapema, mzigo ukiwa bado kwenye mizani. Sioni huruma nyingi hapo. Kilicholindwa ni ushuru, maana msafara uliodhulumiwa usingerudi.

Ibn Jubayr, msafiri Mwislamu wa Andalusia aliyefika Akka mwaka 1184, aliwakuta makarani Wakristo wa forodha wakisema na kuandika Kiarabu, mbele yao vidau vya wino vya mpingo vilivyopambwa kwa dhahabu, na akakiri kwamba mizigo ilikaguliwa kwa upole. Mwaka mmoja kabla, huko Iskandaria, Misri, chini ya Salahuddin, mtawala Mwislamu, abiria walikuwa wamepekuliwa hadi viunoni. Hata hivyo mji wenyewe wa Akka aliulaani, uchafu wake na ukafiri wake pamoja.

Mambo yaliharibika kati ya Wakristo wenyewe. Watu wa Venice na wa Genoa, miji ya biashara ya Italia, walikuwa na mitaa yao na mahakama zao, na walipogombea mali ya monasteri ya Mtakatifu Saba, iliyokuwa mpakani mwa mitaa hiyo, hapakuwa na hakimu ambaye pande zote mbili zilikubali kumtii. Ugomvi huo wa mwaka 1256 uligeuka vita, mitambo ya kurusha mawe ikapiga ndani ya mji wenyewe, mpaka mwaka 1258, meli za Venice ziliposhinda baharini na watu wa Genoa wakahamia mji wa Tiro, kaskazini.